Tanga Zima, Tanga la Wavu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Misa imeisha, hasira haijaisha. Padri kahubiri msamaha tangu mwanzo hadi mwisho, mimi naangalia feni. Nilipotoka nikaliona tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya kata: mashindano ya tiara za kamba nne, Jumamosi tarehe 23, uwanja wa ukingoni juu ya bonde, hapa hapa Newala. Jozi itakayoshinda itafundisha shule za sekondari za wilaya, na majina yao yataandikwa kwenye bango kama walimu waanzilishi. Waanzilishi! Nimerudia kusoma.

Chini yake, majina ya waliokwisha kujiandikisha. La kwanza kabisa, Reginald wa Masasi. Na mwenzake? Winfrida. Mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja.

Sawa.

Niandike vizuri, nisije nikalegea. Tiara ya kwanza ya kamba nne kuonekana huku aliileta mzungu mmoja wa kujitolea, imechanika, akazunguka mafundi cherehani wote, hakuna aliyetaka kuigusa. Mimi nikaigusa. Nikaifumua yote, nikachora kila kipande kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kabla sijamrudishia. Nikanunua miavuli mibovu, nikashona, ikaanguka. Nikashona tena. Reginald alikuja baadaye na fito zake za faiba kutoka Masasi, hajui hata kishikio kinashikwaje. Nikamfundisha. Kamba mbili za juu, mbili za chini, namna ya kuisimamisha hewani ikatulia kama picha ukutani. Tukarusha pamoja miaka.

Halafu mwezi wa tano, maonyesho ya Mtwara. Mtangazaji wa redio anauliza nani kabuni tiara hizi. Reginald akasogeza mdomo kwenye kinasa sauti: "Mimi hapa. Huyu mama ni fundi wangu wa kushona."

Nilikuwa nimesimama pale pale! Vishikio mkononi!

Jioni ile akapakia matanga yote manne, yaani vitambaa vya tiara nilivyoshona, kwenye gari lake, mazima mawili na ya wavu mawili, akasema ni mali ya kikundi. Kikundi ni yeye. Mwezi uliofuata nasikia kamchukua Winfrida, anamuuzia dukani na anarusha naye.

Nitamwaibisha mbele ya watu, kama alivyoniaibisha. Sitaki pole, sitaki kikao cha usuluhishi. Nataka aone aibu na mimi niwe namwangalia.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimemaliza tanga la mwisho. Sasa nina mazima mawili na ya wavu mawili, kama yale aliyoondoka nayo, ila safari hii nimetumia uzi wa nailoni. Yale ya kwanza nilishonea uzi wa pamba kwa sababu ndio uliokuwepo.

Mwenzangu ni mzee Yassini. Mkulima wa korosho, amezoea kubeba pampu ya salfa, dawa ya mikorosho, mgongoni tangu alfajiri, basi tiara kwake ni mchezo. Anakuja mazoezini na suruali ile ile ya kupulizia, ananuka kiberiti. Nikimwamkia anaitikia marahaba huku macho yako juu, anaangalia majani.

Leo tumebishana tangu tulipofika. Kila jozi inachagua tanga moja tu, linapigwa muhuri Ijumaa jioni, na likipigwa muhuri hakuna kubadili. Mzee anataka zima. Anasema asubuhi huku ni ukungu na upepo umelala. Tanga zima hunyanyuka hata kwa pumzi ya mbuzi, ila la wavu linavuja, utarudi kinyumenyume mpaka ugonge mti na halijapanda. Kweli. Lakini upepo ukipanda ule ukingo mchana, tanga zima linakukokota kama ng'ombe aliyekata kamba, na fito zinavunjika. La wavu linaupitisha upepo kwenye matundu ya chandarua, linatulia, linakutii. Hiyo nayo kweli.

Tumekunja kamba bila kukubaliana. Nilikuwa nawaza mambo mengine.


Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimeshuka Masasi kuchukua vitambaa vya sare. Nimeona jambo.

Nilipita dukani kwa Reginald kwa makusudi. Duka la pembejeo, msimu wenyewe ndio huu, watu wamejaa wanataka salfa na vipuri vya pampu. Yeye hayupo, kaenda Lisekese. Winfrida yuko peke yake kaunta, kanikumbatia kama hakuna kilichotokea. "Dada, ingia stoo ukae, hapa utakanyagwa." Nikaingia.

Nikakuta mifuko ya salfa imepangwa mpaka juu, na juu ya mifuko, matanga yangu mawili ya wavu. Yamekunjwa vibaya. Yamekuwa manjano.

Mazoezi yao ni huko Lisekese, na wanatumia yale mazima tu, maana upepo wa kule ni wa kubembeleza. Haya ya wavu yamelala pale tangu Mei, stoo ina unyevu, bati linavuja, salfa inamwagika. Nani huku hajui salfa inavyokula nguo? Shati la kupulizia halimalizi msimu wa pili, linakatika makwapani lenyewe. Na huyu anauza salfa! Anawaeleza wakulima waifunge vizuri!

Nikashika mshono wa katikati, pale wavu unapokutana na kitambaa. Nikauvuta kwa kidole kimoja. Uzi ukakatika. Haukulia hata kidogo, uliachia tu kama tambi iliyopikwa. Nikajaribu pengine, vile vile. Kitambaa kizima, chandarua kizima, ila ule uzi wa pamba umekwisha kuliwa. Kwa macho huoni kitu.

Nikayakunja. Vibaya, kama nilivyoyakuta.

Winfrida akaja na maji ya kunywa. Akasema Reginald anataka waje Newala na mazima, maana ndiyo waliyoyazoea, lakini yeye ana wasiwasi na ule ukingo. Akaniuliza: "Wewe dada ungekuja na lipi?"

Nilimwambia nitafikiri kwanza. Na nimefikiri, njia nzima ya kurudi, gari linapanda kona za mlima na mimi nacheka peke yangu dirishani. Kondakta kaniuliza kama naumwa.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Utamu wake ni huu — sihitaji kusema uongo!

Wakija na tanga zima, watakokotwa, wataanguka labda, lakini kila mtu anaanguka na zima kwenye upepo mkali. Hakuna aibu hapo. Wakija na la wavu, litapanda vizuri, watu watapiga makofi, na likifika juu, upepo ukilibana sawasawa, litapasuka vipande viwili kama karatasi ya maandazi. Mbele ya wakuu wa shule, mbele ya redio, mbele ya Newala yote. Mbunifu!

Na ushauri wa haki kabisa, ule ambao ningempa mtu yeyote, ni kwamba ukingoni mchana uje na la wavu. Akija kulalamika, nitasema nilimwambia ukweli. Watu wote watasema mimi Mama Dunstan nilimwambia ukweli.

Leo nimeshona sare kwa bidii, sijakosea hata mshono mmoja. Chuki inasaidia kazi.


Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimemtumia Winfrida ujumbe wa sauti. Nimeurekodi upya mara kadhaa, kwanza nilisikika mtamu mno, mara nikasikika kama polisi. Wa mwisho ulikuwa wa kawaida: "Mdogo wangu, ukingoni saa nane upepo si wa Lisekese. Njooni na la wavu. Hata sisi tunakuja na la wavu."

Kanijibu baadaye. Reginald kakataa. Anasema la wavu ni zito, na kwa nini mama yule atusaidie.

Kumbe ana akili kidogo.


Jumapili, 17 Agosti 2025

Mzee Yassini kanikalisha chini leo. Hakuja uwanjani, alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, kofia magotini.

Anasema wiki hii yote akipulizia, salfa inakaa juu ya mkorosho mpaka jua limekolea. Kwa kawaida wakati ule vumbi lote limeshakimbilia kwa jirani na inabidi aache kazi. Upepo umechelewa mwaka huu. Kwake hiyo inatosha, turushe zima. Nikamwambia hapana, la wavu. Akauliza sababu. Nikaanza kumweleza ukingo, jua, joto la bonde linavyopanda. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

Kisha akasema, "Mama Dunstan, tanga hili unatuchagulia sisi, au unamchagulia Reginald?"

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba anayejua kushona ndiye anayejua kuchagua. Akasema haya, akachukua kofia. Mlangoni akageuka, akasema yeye anataka kushinda tu, apate kuwafundisha wajukuu zake shuleni na waone kwamba babu si wa salfa peke yake. Basi. Kaondoka.

Ni kweli lakini! Namchagulia Reginald. Ili lake lipasuke lazima upepo uwe mkali, na kama upepo utakuwa mkali lazima na mimi niwe na la wavu. Nisipoamini upepo, nimeamini nini?


Jumanne, 19 Agosti 2025

Hakuna upepo. Hata kanga kwenye kamba haitikisiki.

Nimewasha mshumaa kanisani. Sikusema nia.


Ijumaa, 22 Agosti 2025

Leo muhuri. Tumepanga foleni ofisi ya kata, kila mtu na tanga lake kwapani, wanaangaliana kama watahiniwa.

Reginald kaja na gari lake, miwani ya jua, fulana imeandikwa MBUNIFU mgongoni. Sidanganyi. Ameichapisha! Kanisalimia kwa sauti ya kusikika barabarani: "Fundi wangu! Hujambo?" Watu wakacheka. Nikajibu sijambo, Baba Upendo, nikamuulizia na Upendo mwenyewe, maana mtoto hana kosa.

Ana matanga ya aina zote mbili begani. Bado hajaamua. Nikaona, na hapo ndipo nilipojua namna ya kummaliza.

Sikumwambia kitu. Nilipofika mezani nikakunjua la wavu taratibu, nikalitandaza lote mbele ya karani, nikalipapasa kama mtu anayelaza mtoto. Nikasema kwa karani, si kwake, kwamba kesho mwenye zima atavunjiwa fito. Muhuri ukapigwa. Mzee Yassini alikuwa nyuma yangu anaangalia nje.

Miaka yote niliyomjua Reginald, hajawahi kuchagua kitu hata soda. Anaangalia mwenzake kaagiza nini. Nikasikia karani anauliza, na yeye anajibu: "La wavu."

Pah! Muhuri.

Winfrida akanishika mkono tulipotoka. Kasema, "Asante, dada. Ungetaka kutuharibia ungetuacha tuje na zima." Nikamwambia si kitu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nimerudi nyumbani nikala ugali wote, nikakwangua sufuria.


Jumamosi, 23 Agosti 2025

Naandikia uwanjani, chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi ukungu. Mzito, ukingo hauonekani, bonde halionekani, mtu anasimama karibu na wewe unasikia sauti tu. Upepo umekufa. Jozi zenye matanga mazima zikaanza, na zikapaa! Polepole, nzuri, tiara zinazama kwenye ukungu na kutoka. Mzee Yassini anazihesabu kwa kidole. Nilimwona mjukuu wake mmoja kaja na kuvuta kanzu yake, anauliza zamu yenu lini babu. Hapo nilijichukia kidogo. Kidogo.

Kisha jua. Ukungu ukapanda kama pazia linavutwa, na nyuma yake ukaja upepo. Loo! Ule wenyewe, unapanda ukingo kutoka bondeni na joto lake, turubai likaanza kupiga makofi. Jozi iliyotoka Chidya ilikuwa hewani na zima: kijana kakokotwa kwa magoti mpaka waamuzi wakampigia filimbi aachie vishikio. Ufito wa juu ukavunjika katikati. Jozi iliyofuata wakajitoa wenyewe.

Tukaitwa sisi. Sehemu ya kwanza ni mtu mmoja mmoja, kila jozi inamtoa mmoja aisimamishe tiara juu ya ukingo, ageuze kichwa chini, arudi nayo kinyumenyume; sehemu ya pili ni zamu ya mwenzake. Mzee akasema niende mimi. Nikaenda. Sijawahi kurusha vile. Tanga la wavu lilikuwa linapumua, linafuata kidole. Niliisimamisha kichwa chini juu ya bonde, haitikisiki. Niliporudi mzee Yassini alikuwa anacheka meno yote, kanipa mkono kwa mikono miwili. Alama zimetangazwa. Tunaongoza, na kwa mbali.

Yaani nimekwisha kushinda. Mpaka sasa, kwenye karatasi, nimekwisha kushinda. Ingetosha kwa mtu mwingine.

Mimi nikageuka kumtafuta Reginald. Nilitaka kumwona anavyoingia. Niliingoja dakika hiyo tangu Mei.

Hakuingia. Nikamwona yuko kwenye meza ya waamuzi, ameshika bega, anaeleza. Bega limemshika ghafla, anasema. Bega! Ameuona upepo akaogopa, basi. Sehemu ya kwanza atarusha Winfrida.

Nikaenda choo nisichokihitaji. Nimerudi, Winfrida ananitafuta. Kavaa suruali ya michezo mpya, kafunga nywele kwa leso ya mama. Anaruka ruka kwa furaha. Kanionyesha kule mbele, safu ya kwanza, mwavuli mweusi: mama kaja. Kapandishwa kwa bodaboda kutoka kijijini, na goti lake lile, kwa sababu Winfrida alimwambia leo utatuona wote wawili hewani. Mimi sikuambiwa. Ningeambiwa nini, sijaongea na mama tangu amtetee Winfrida mwezi wa sita.

Nikamuuliza Winfrida, polepole, kwa nini alikwenda kwa Reginald. Swali nililokuwa nalimeza. Kasema, "Nilikuomba unifundishe, dada. Ukasema una sare za shule za kumaliza. Yeye alisema ndiyo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakung'uta kiatu kutoa mchanga.

Sikumbuki. Inawezekana. Mwezi wa sare nasema hivyo kwa kila mtu.

Halafu kaniwekea tanga mapajani. "Niangalizie, koo limekauka, naja. Na kama kuna pa kukaza, wewe ndiye unayejua." Kaenda kibandani kwa mama muuza vinywaji.

Liko hapa. Naandikia juu yake. Rangi ya manjano imefifia, wamelifua, linanuka sabuni na kiberiti. Muhuri wa jana uko pembeni. Mwamuzi mmoja kapita, nikamuuliza, na kasema kushona uwanjani ruhusa, kubadili ndio marufuku. Sijui kwa nini nilimuuliza.

Mshono wa katikati. Nimeuwekea kidole, sijauvuta. Najua.

Nikiacha, litapanda, litafika juu ya bonde, na litaachia. Reginald ataona aibu? Hata hiyo sina uhakika tena. Namjua. Atachukua kinasa sauti aseme binti alikosea kamba za chini. Atasema huyu alikuwa anajifunza tu. Nayasikia maneno kabisa, na sauti yake. Na Winfrida atakuwa amesimama pale na vishikio mkononi.

Nikishona, litasimama. Fulana ya MBUNIFU itapigiwa makofi kwa uzi wangu. Sehemu ya pili atapona bega, utaona, atarusha yeye, na anaweza akatupita. Bango litaandikwa jina lake. Mzee Yassini na wajukuu zake watarudi kwenye salfa. Hilo nalo ni haki? Nani anisaidie hapo!

Namchukia. Nimejipima, haijapungua hata punje. Yuko kule kwenye kivuli cha gari lake, miwani usoni, kaniona nina tanga lake, kaninyooshea dole gumba.

Msemaji anapiga piga kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Anaita Masasi wajiandae. Mama kageuza mwavuli huku.

Nimetunga uzi kwenye sindano. Wa nailoni. Bado sijachoma.

Winfrida anarudi kutoka kibandani. Ameshika soda mbili, moja ananinyooshea. Naweka kalamu, nachukua sindano.